Bunge na Serikali wakigombana, jaji anaingilia wapi?

Mwalimu mmoja wa Kondoa anayefundisha uraia kaniuliza hivi: "Wakili, wanafunzi wangu wanasema mahakama ndo refa kati ya Bunge na Serikali. Mbona sijawahi kusikia Spika kampeleka Rais mahakamani? Rais akigoma kusaini muswada, au wabunge wakimkataa Waziri Mkuu, jaji anaamua nini?"

Mwalimu, habari za Kondoa. Watoto wako wamepatia nusu. Ibara ya 107A inasema mahakama ndo yenye kauli ya mwisho kwenye utoaji haki, ila haijifungulii kesi yenyewe, inangoja mtu agonge mlango, alafu ugomvi mwingi wa hao wakubwa wawili Katiba imeshauwekea njia yake bila jaji. Huo muswada kwa mfano, soma ibara ya 97: Rais akiurudisha, na wabunge theluthi mbili ya wote wakaupitisha tena ukapelekwa kwake ndani ya miezi sita, anatakiwa asaini ndani ya siku 21, akikataa inabidi avunje Bunge, yaani hapo mnaenda kwenye uchaguzi, hamuendi kwa jaji. Waziri Mkuu naye ana ibara yake, ya 53A, anaondolewa kwa kura ya kutokuwa na imani basi. Na yanayosemwa mle bungeni kwenye mjadala ibara ya 100 inayakinga, huwezi kumshtaki mbunge kwa mchango wake.

Sasa jaji anaingia wapi? Anaingia pale Katiba yenyewe ikivunjwa, iwe na Serikali au na sheria iliyopitishwa na Bunge, na anayemuingiza mara nyingi ni mwananchi wa kawaida, sio Spika wala waziri. Ibara ya 26 inampa kila mtu haki ya kwenda mahakamani kuilinda Katiba.

Mfano mzuri uko hapahapa Dodoma na nashangaa haufundishwi kila darasa. Mchungaji Christopher Mtikila alifungua kesi Mahakama Kuu hapa mjini mwaka 1993 akidai pamoja na mengine kwamba mtu agombee bila chama, Oktoba 1994 Jaji Lugakingira akampa haki hiyo. Kilichofuata ndo kinajibu swali lako, maana Serikali ilipeleka muswada, Bunge likaupitisha kabla mwaka haujaisha, Katiba ikabadilishwa na mgombea binafsi akafungiwa tena. Kwa hiyo hapo Bunge na Serikali walikuwa upande mmoja, anayelalamika ni raia! Mtikila akarudi mahakamani, 2006 Mahakama Kuu ikampa tena, ila 2010 majaji saba wa Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Ramadhani wakasema jambo hili ni la kisiasa, liamuliwe na Bunge. Akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha, 2013 ikasema Tanzania imevunja haki zake. Mimi naheshimu wale majaji saba lakini kwa maoni yangu walirudi nyuma mapema mno, kwa sababu ukimwambia raia arudi kwa walewale waliomfungia mlango umemwacha nje.

Kuna kitu majaji wanakitumia sana na watu hawakijui, ibara ya 30(5): badala ya kuifuta sheria palepale, mahakama inaweza kuipa Serikali muda wairekebishe, na sheria inabaki hai mpaka muda uishe. Ndo maana mtu anasikia redioni "kashinda kesi" alafu anaona sheria ipo vilevile, anadhani kadanganywa.

Na hilo la raia kugonga mlango, hata Uingereza ilikuwa hivyohivyo. Mwaka 2019 Waziri Mkuu Boris Johnson alipolisimamisha Bunge wiki tano, aliyekwenda mahakamani alikuwa raia, Gina Miller, na kuna kesi nyingine ilitokea Scotland, majaji 11 wote wa Mahakama ya Juu ya Uingereza wakasema usimamishaji ule ni batili, Bunge likarudi.

Ndo maana 2020 iliniuma Bunge liliporekebisha sheria ya kudai haki za msingi likataka mlalamikaji aape kwamba ameathirika yeye binafsi, wakati mwananchi ndo huyohuyo tunayemtegemea agonge mlango. Sheria hii imebishaniwa sana, kwa hiyo mtu asifungue shauri kabla wakili hajamuangalizia ilivyo siku hiyo. Na kwa wanafunzi wako wanaouliza anashtakiwa nani, marekebisho hayo ya 2020 yalitaka hata kama kinacholalamikiwa ni uamuzi wa Rais au Spika, hati iandikwe dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali.