Fundi umeme mzoefu aanze na kozi gani?

SWALI: Nimefunga nyaya za majumbani kwa miaka mingi. Nikipata nafasi ya kozi fupi, nichague ipi?

JIBU: Upimaji wa usalama wa nyaya. Taa kuwaka si ushahidi wa usalama: waya wa ethi (unaopeleka ardhini umeme uliovuja) ukikatika, kila kitu kitaendelea kufanya kazi mpaka mtu ashike jokofu lenye hitilafu. Tafuta kozi inayokupa kipimo mkononi, si ya ubaoni tu. Zima umeme, hakikisha umekatika, chomoa vifaa vya kielektroniki (volti 500 za kipimo huweza kuviunguza), kisha pima uwezo wa ganda la waya kuzuia umeme kuvuja: waya wa moto kwa ethi, halafu nyutro kwa ethi. Ukisoma chini ya megaomu 1 (omu milioni moja za ukinzani), usiwashe. Tafuta unyevu au waya uliochubuka. Sola ifuate baadaye. Ina hatari yake: cheche za DC (umeme wa mkondo mmoja, kama wa paneli na betri) hazizimiki upesi.