Mpira wa mafuta wa "mm 8" ulivyoniulia mashine Mtera

Mkuu, huo mpira usiufunge. Rudisha dukani, au kamwagilie mchicha.

Umesema mashine ya boti yako ni ya farasi 40, ile ya kuchanganya oili na petroli, unahamishia tenki mbele ya boti uzito ukae sawa, na umeshanunua mpira mrefu wa plastiki unaoonyesha ndani, "wa mm 8". Hiyo mm 8 umepima wapi, nje au ndani? Maana mimi ndipo nilipoliwa.

Bwawani Mtera, upande wetu wa Dodoma, mashine kama yako. (Najua, Mgogo na boti wapi na wapi, chekeni kabisa tuendelee.) Nikahamishia tenki mbele hivyohivyo, ule mpira wa zamani wa mita 2 wenye tundu la mm 8 haukufika. Muuza spea mmoja akanikatia mita 4, akaapa: "Mm 8 hii mzee, petroli si uji, itapita tu." Petroli si uji! Nje kweli ilikuwa mm 8. Ndani mm 5.

Ukienda taratibu hugundui kitu, mashine inakula kidogo. Ukifungua mwisho inataka zaidi ya lita 15 kwa saa, na pampu yake ni ya kuvuta. Basi kila nikifungua, dakika mbili inashika, ya tatu inakohoa. Nilisafisha kabureta mara tatu. Plagi mpya. Siku moja nikakamua kile kipira cha kwenye njia ya mafuta, cha kusukumia petroli kwa mkono, mashine ikafufuka. Mwenye akili angejua palepale kwamba mafuta hayafiki. Mimi nikaajiri kijana wa kukamua.

Wiki nzima! Kakaa na kipira mkononi kama anakamua mbuzi, tunakwenda. Siku ya nane akakiacha ashike wavu, nami nimefungua mwisho. Mlio ukapanda kidogo, ukawa mkavu, halafu kaa! Kimya. Kamba ya kuwashia haivutiki. Oili ya pistoni inakuja ndani ya petroli hiyohiyo, petroli ikikatika na oili imekatika. Fundi alipofungua, pistoni imechubuka ubavuni utadhani imepigwa msasa. Pistoni, ringi, kuchonga silinda: laki tisa na ushee. Kupiga kasia huku viboko wanakutazama: bure.

Mpwa wangu wa kidato cha sita ndiye aliyenipigia hesabu, tena akicheka. Ugumu wa mafuta kupita unakwenda kinyume na kipeo cha nne cha kipenyo cha ndani: tundu likipungua kidogo, ugumu unapanda sana. Kutoka mm 8 kushuka mm 5, ugumu unapanda mara sita na nusu. Urefu mara mbili, zidisha tena kwa mbili. Kumi na tatu! Hapo hujaweka jua letu, plastiki ikilainika pampu inaufyonza mpira unabonyea.

Chukua biti ya dreli ya mm 8, ingiza kitako chake kwenye tundu. Isipoingia, huo si mpira wako. Kwa tenki la mbele mimi sasa natumia mm 10, mweusi wa petroli wenye nyuzi ndani. Na viungio visiwe vyembamba kuliko vilivyokuja na mashine, maana pembamba kuliko pote ndipo panapobana.

Wewe nenda na hiyo biti kwenye boti, urudi useme imeingia au imegoma.