Tabibu wako asiponye haraka

Rasimu yangu ya kwanza ya riwaya ya fantasia ilikuwa na tabibu aliyeponya kwa kugusa tu. Mkuki ukipenya kifua cha shujaa, tabibu anagusa, shujaa anainuka. Nilimpa rafiki yangu sura ya vita asome. Pembeni mwa ukurasa wa nne aliandika neno moja: "Halafu?" Nilinuna siku mbili nzima.

Wengi mnaoanza mnakimbilia kuweka bei: tabibu azimie, atokwe na damu puani, apungukiwe umri. Sikatai, ila bei hiyo anailipa tabibu peke yake, tena mara nyingi pambano likiwa limeshakwisha. Aliyeshika upanga haimnyimi usingizi. Kinachobadilisha pambano ni muda. Amua mapema uponyaji unachukua dakika ngapi, kisha ulinganishe na dakika alizobakiwa nazo majeruhi.

Mtu mzima ana lita tano hivi za damu. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, anaweza kufa ndani ya dakika chache. Sasa sema uchawi wako unahitaji robo saa ya mikono juu ya jeraha. Peke yake haumwokoi huyo. Lazima mtu apige goti kwenye tope, azungushe mkanda juu ya jeraha, apitishe mpini wa kisu na kuusokota mpaka damu ikatike, huku mwingine amesimama na ngao juu yao wote. Watu watatu wametoka kwenye mstari kwa ajili ya mguu mmoja, na adui ameliona pengo. Hapo umepata pambano.

Adui naye si mjinga, anazijua sheria za uchawi wako. Kama nyama inaunga lakini mfupa hauungi, ataacha upanga na kushika rungu. Kama kilichokatwa hakioti tena, atalenga vidole vya mkono wa silaha. Atatumia mishale yenye ndoano, ili tabibu asiyeitoa kwanza afungie chuma ndani. Wa kwanza kuwindwa ni tabibu mwenyewe, kwa hiyo tafadhali mvueni lile joho jeupe. Avae kama askari wa kawaida.

Michezo inafundisha hili vizuri. Katika toleo la 5 la Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika wa fantasia), la 2014, mhusika aliyeanguka na pointi sifuri za uhai akiponywa hata pointi moja, fahamu zinamrudia na anapiga kwa nguvu zake zote. Matokeo yake wachezaji wengi hawatibu mpaka mwenzao adondoke. Anaanguka, anainuka, anaanguka, kama mpira wa kudunda. Mezani inachekesha, lakini kwenye riwaya inaua hofu yote. Na ukiifikiria kwa akili ya adui, jibu lake ni la kikatili: kila aliyeanguka amalizwe palepale.

Mimi hupenda uchawi unaouharakisha mwili bila kuupa kitu kipya. Mfupa wa kuunga wiki sita unaunga usiku mmoja, ila ukiwa haujanyooshwa unaunga umepinda, usiku huohuo. Uchafu uliobaki ndani unafunikwa na ngozi nzuri, na baada ya siku tatu usaha unachemka chini yake. Mgonjwa anaamka amekonda, ana njaa ya kutisha. Damu iliyomwagika bado haijarudi, kwa hiyo akisimama anaona giza. Anaweza kurudi vitani? Anaweza, ila ngao itakuwa nzito.

Ukiweka kikomo cha idadi ya watu ambao tabibu anaweza kuwaponya, lazima mtu achague. Dominique-Jean Larrey, daktari wa majeshi ya Napoleon, alisisitiza kutibu kwa uzito wa jeraha bila kujali cheo. Jaribu kumpa tabibu wako msimamo huo, nguvu za watu wawili tu, na jenerali aliyevunjika mkono anayepiga kelele.

Dawa za chupa nazo zihesabu mapema, msomaji ajue ziko ngapi. Na aliyezimia hamezi. Ukimmiminia mdomoni, inaweza kuingia mapafuni.