Mke anayeendesha nyumba kwa mwani: pesa ni za nani, na ashukuriwe vipi?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Mimi ni mvuvi wa Micheweni, Pemba. Tangu kusi likaze siwezi kwenda mbali, na siku nyingi narudi na kitoweo tu. Mke wangu analima mwani. Mchele, mafuta na madaftari ya watoto sasa vinatoka kwake. Mwezi uliopita nilichukua pesa zake nikanunua nyavu, naye hakusema kitu. Je, pesa zile ni zangu kwa kuwa mimi ni mume? Na nimshukuru vipi ilhali sina cha kumpa?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Allah akufungulie riziki, ndugu yangu. Swali lako la pili halijibiki mpaka la kwanza likae sawa, kwani huwezi kumshukuru mtu kwa kitu unachodhani ni chako.

Pesa za mwani ni zake. Allah amesema katika Suratun-Nisaa, aya ya 32, kwamba wanaume wana fungu katika walichochuma, na wanawake wana fungu katika walichochuma. Aya ya 34, ambayo wanaume tunapenda kuisoma nusu, imeufunga usimamizi wetu na "mali zao wanazozitoa". Usimamizi ni mzigo wa kutoa. Haukupi ruhusa ya kufungua mkoba wake.

Katika madhehebu ya Imamu Shafi, tunayoyafuata wengi hapa visiwani, chakula cha mke kimepimwa: mwenye uwezo mudi 2 kwa siku, wa kati mudi moja na nusu, mwenye dhiki mudi 1. Mudi ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa kiasi. Ukishindwa hata hiyo moja, haikuondoki. Inabaki deni shingoni mwako, hata kama yeye ana pesa zake. Akikusamehe ya miezi iliyopita, imesameheka. Akisema nakusamehe na ya mbele, hapo hapana kitu, kwa sababu deni lenyewe bado halijapatikana. Watoto nao ni juu ya baba.

Anachotoa kwa radhi yake ni halali kwenu, na kwake ni thawabu mbili. Zaynab, mke wa Abdullah bin Masoud, aliuliza kama inatosha kumpa sadaka mumewe na mayatima aliokuwa akiwalea, Mtume (s.a.w.) akajibu kuwa ana ujira wa udugu na ujira wa sadaka. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Msomee mkeo. Huenda kila jioni anaanika mwani wake na hajui kuwa anaandikiwa.

Sasa nyavu. Kunyamaza kwake si idhini. Maulamaa wetu wamesema mali iliyochukuliwa kwa upanga wa haya ni kama iliyonyang'anywa. Basi rudi ukamuulize, na umuulize pahala anapoweza kukataa: si mbele ya mama yako, wala si wakati polo la mwani liko kichwani. Mwambie, "Zile pesa ulinipa au nimekopa?" Akisema amekupa, ni hiba na umeshaipokea, ni yako. Akisema umekopa, andikeni kiasi, tarehe na mashahidi, kama ilivyoamrishwa katika Suratul-Baqara aya ya 282. Usione aibu kuandikiana na mkeo. Ukifa leo una watoto, yeye atarithi thumuni tu. Lakini deni hulipwa kabla ya mirathi kugawiwa. Lisipoandikwa, pesa alizozitoa majini zitagaiwa kama mali yako, naye akirejeshewa sehemu 1 katika 8. Haya yanatokea, na mjane huwa hana la kuonesha.

Ukishalinyoosha hilo, njoo kwenye shukrani, nawe unacho cha kutoa. Tazama saa za maji. Siku za bamvua maji hupwa sana kwenye saa nne za asubuhi, na kila siku huchelewa kiasi cha dakika 50. Mkeo anarudi na adhuhuri inaingia, nguo zimelowa chumvi, na hapo ndipo watu wote wa nyumbani wanauliza chakula. Siku hizo maji yawe yameshatekwa, mchele umechaguliwa, na wewe umeshakaa kwenye mbuzi umekuna nazi. Bi Aisha (r.a.) aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, akasema alikuwa katika kuwahudumia watu wake, na ukifika wakati wa Sala hutoka. Usiku kata tai-tai, vile vikamba vidogo vya kufungia mwani, pachika vipande vya mbegu kwenye kamba. Na mwani mbichi ni mzito kwa sababu ya maji: upakie ngarawani kwako.

Asmaa bint Abubakar alikuwa akibeba kokwa za tende kichwani kutoka shamba la mumewe Zubeir, mwendo wa zaidi ya kilomita 3. Zubeir mwenyewe alisema kubeba kwake kokwa zile kulikuwa kugumu kwake. Baadaye baba yake akampelekea mtumishi wa kumtunza farasi, naye akasema ni kama ameachiwa huru. Kumpunguzia mtu mzigo kunamfika kuliko zawadi.

Maneno nayo yana nafasi yake. Mtume amesema asiyewashukuru watu hamshukuru Allah. Mwambie "Jazakillahu khayra", kisha kitaje kitu chenyewe: "Mchele wa jana ni jasho lako." Mtaje kwa wema na mbele ya mama yako, hali yeye hayupo. Mtume alimtaja Bi Khadija kwa mali aliyomsaidia nayo miaka mingi baada ya kufa kwake.

Wala usifunge mkono kwa kuwa yeye anacho. Aya ya 7 ya Suratut-Talaq inamtaka mwenye dhiki atoe katika alichopewa. Ukipata samaki watatu, waanzie nyumbani kabla ya kahawa ya barazani. Na kusi likipungua ukaanza kuvua vizuri, lipa deni la nyavu kabla hujaulizia bei ya mashine ya boti.

Wallahu aalam.