Kifua kikiumwa, kichwa na macho navyo: majibu kwa maswali yenu

Daktari, shikamoo. Baba ana miaka 68, kifua kinamsumbua siku nyingi kwa sababu ya sigara. Kila asubuhi anaamka kichwa kinamuuma, mchana anasinzia hata akiwa anakula, na jana alimwita mjukuu kwa jina la marehemu kaka yake. Ni uzee? (Muheza)

Marahaba. Usiuite uzee. Mapafu yaliyochakaa hushindwa kazi mbili: kuingiza oksijeni na kutoa kaboni dioksaidi. Wengi huiwaza oksijeni tu, ilhali dalili unazozitaja zinafanana zaidi na hiyo ya pili. Usingizini pumzi hupungua, gesi hiyo hujaa kwenye damu na mishipa ya damu ya ubongo hutanuka. Ndiyo maana kichwa huuma alfajiri, kikapoa mtu akishaamka. Ikizidi, huja kusinzia na kuchanganyikiwa.

Mwambie anyooshe mikono mbele na kuinua viganja kama trafiki anayesimamisha gari, akae hivyo nusu dakika. Viganja vikidondoka na kurudi, vikidondoka na kurudi, ubongo umeelemewa. Hata visipodondoka, kuchanganyikiwa peke yake kunatosha: mpelekeni hospitali leo, na muulize kama atapimwa gesi za damu. Akisema anaona ukungu, litajeni hilo pia, maana gesi hiyo huweza kuongeza presha ndani ya kichwa na kuvimbisha mshipa wa fahamu wa jicho.

Tuna mtungi wa oksijeni nyumbani kwa ajili ya mama. Akibanwa tunafungua zaidi, lakini naona ndiyo anazidi kulala. (Mombasa)

Umeona vizuri, na naomba familia nzima isome hapa. Kwa baadhi ya wagonjwa wa mapafu sugu, oksijeni nyingi kupita kiasi hupandisha kaboni dioksaidi. Wenye hatari hiyo kwa kawaida hulengwa oksijeni ya damu ibaki kati ya asilimia 88 na 92. Kile kifaa cha kidoleni hupima oksijeni, hakipimi kaboni dioksaidi: kinaweza kuonyesha 97 na mgonjwa anazama. Rudisheni kiwango alichoandikiwa, msiuzime mtungi ghafla, na kama ni vigumu kumwamsha, mkimbizeni hospitali.

Nyayo zinakufa ganzi na usiku zinawaka moto. Nina ugonjwa wa mapafu. Vinahusiana? (Morogoro)

Huenda. Oksijeni ikiwa chini kwa miaka, mishipa ya fahamu huumia, hasa ile mirefu ya miguuni, na sigara huongeza madhara. Ila pima kwanza kisukari na upungufu wa vitamini B12, na useme kama unakunywa pombe. Kama unatumia isoniazidi ya kifua kikuu, uliza kuhusu vitamini B6, kwa kuwa dawa hiyo huipunguza mwilini.

Niko mwezi wa pili wa dawa za TB. Kanga nyekundu ya mke wangu naiona imepauka, na maandishi ya simu sisomi vizuri. (Kigoma)

Nenda kliniki leo, kabla ya dozi inayofuata. Ethambutoli, mojawapo ya dawa hizo, inaweza kudhuru mshipa wa fahamu wa jicho, na rangi nyekundu na kijani mara nyingi ndizo huanza kupotea. Ikisimamishwa mapema, wengi hurudiwa na uwezo wa kuona. Ukichelewa, huenda usirudi wote. Waambie pia kama una tatizo la figo, kwani hapo dawa hujilimbikiza. Lakini usiache dawa zote kwa uamuzi wako. Wao ndio watakaopanga kipi kitoke na kipi kibaki.

Nikitumia nebulaiza (mashine ya kuvuta dawa kwa mvuke), jicho linakuwa jekundu na taa naziona zimezungukwa na duara za rangi. Na mikono inatetemeka. (Nakuru)

Mikono ni salbutamoli, dawa ya kufungua njia za hewa. Kwa kawaida hutulia baada ya muda. Jicho ndilo linanitia wasiwasi. Kama dawa yako ina ipratropiamu, nayo ya kufungua njia za hewa, mvuke unaovuja juu ya barakoa unaweza kupanua mboni na kupandisha presha ya jicho kwa ghafla. Omba kifaa cha kushika mdomoni badala ya barakoa. Jicho likiuma sana, ukatapika au kuona kukapungua, hiyo ni dharura ya saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.