Mama ana kisukari na anataka kufunga: saumu inamfanyia nini mwilini?

SWALI: Assalaam alaykum daktari. Mama yangu yuko Tanga, ana miaka 58 na ana kisukari aina ya pili. Anakunywa metformini na glibenklamaidi asubuhi na jioni, pamoja na kidonge cha presha. Ramadhani iliyopita alifunga, na baadhi ya siku ikifika alasiri alitoka jasho jingi na kusikia kizunguzungu, lakini alikataa kufungua. Kwenye simu tunatumiwa ujumbe kwamba saumu inatibu sukari, na kwamba Mjapani mmoja alipewa tuzo ya Nobel kwa kuthibitisha hilo. Kitaalamu ni kweli? Na kama saumu ni afya, mbona yeye ilimlegeza? (Msomaji, Tanga)

JAWABU: Wa alaykumu ssalaam warahmatullah, dada yangu. Nianze na lile jasho la alasiri, kwa sababu ndilo lililonishtua katika barua yako. Mtu anayekunywa glibenklamaidi, amefunga, kisha akatoka jasho na kuona kizunguzungu saa tisa au saa kumi jioni, mimi namhesabu kuwa sukari yake imeshuka mpaka kipimo kionyeshe vingine. Wapo wanaoambiana kwamba huo ni mwili unajisafisha. Siyo. Sukari ikishuka sana mtu huchanganyikiwa, huanguka, na anaweza kupoteza fahamu.

Sasa kwa nini ilimtokea yeye na si jirani yake aliyefunga naye? Tazama mwili unavyofanya kazi. Mtu akishakula daku, kwa saa chache za mwanzo anatumia sukari ya chakula kile. Ikipungua, kongosho hupunguza insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, na kutoa homoni nyingine, glukagoni, inayoliamuru ini lifungue akiba yake ya sukari. Akiba hiyo kwa mtu mzima ni kama gramu 80 hadi 100. Kadiri inavyokwenda ikipungua, mwili unaanza kuchoma mafuta zaidi, na hapo ndipo zinapotoka faida nyingi za saumu: insulini inakaa chini kwa saa nyingi, na mafuta yaliyohifadhiwa yanatumika. Kwetu karibu na Ikweta saumu ni ya saa 13 na dakika kadhaa, mwaka mzima haibadiliki sana, kwa hiyo mtu mwenye afya anafika magharibi na njaa tu, sukari yake ikiwa salama.

Mpango huo wote unategemea insulini kushuka. Glibenklamaidi kazi yake ni kulikamua kongosho litoe insulini, iwe mtu amekula au hajala, na athari yake hudumu muda mrefu. Mama akiinywa alfajiri kwa kipimo kilekile cha siku za kula, dawa inaendelea kuisukuma sukari chini mchana kutwa huku hakuna chakula kinachoingia. Saumu haikumlegeza mama, dada yangu. Dawa ile ilipimwa kwa mtu anayekula mchana, na hakuna aliyeipanga upya.

Jambo hili limepimwa. Utafiti mkubwa wa EPIDIAR, uliofanywa mwaka 2001 katika nchi 13 kwa wagonjwa wa kisukari zaidi ya 12,000, uligundua kwamba asilimia 79 ya Waislamu wenye kisukari aina ya pili walifunga angalau siku 15 za Ramadhani. Ndani ya mwezi huo, matukio ya sukari kushuka vibaya, kiasi cha kulazwa, yaliongezeka mara 7.5 kwa wenye aina ya pili. Tangu hapo sisi waganga tumejifunza kwamba kumwambia mgonjwa "usifunge" na kumwacha aende zake hakusaidii. Wengi watafunga tu, tena bila kutuambia.

Kuhusu faida, zipo, ila nizitaje kwa ukubwa wake halisi. Tafiti nyingi za Ramadhani zinaonyesha kwamba mtu hupungua uzito kidogo, kwa wastani kilo moja au moja na ushee, na wengi huurudisha wiki chache baada ya Idi. Mafuta ya kwenye damu hubadilika kidogo kwa upande mzuri. Lililonivutia zaidi ni presha: utafiti uliofanywa London na kuchapishwa mwaka 2021 ulikuta kwamba presha ya juu ilishuka kwa wastani wa pointi 7 na ya chini pointi 3 baada ya Ramadhani, na kushuka huko hakukuelezwa na uzito peke yake. Pointi 7 si kidogo kwa moyo na mishipa ya ubongo. Ongeza mtu anayeacha sigara kuanzia alfajiri hadi magharibi, akagundua kwamba anaweza. Huyo akiendelea hivyo baada ya Idi, atakuwa amevuna afya kuliko wote niliowataja.

Kutibu kisukari ni dai jingine kabisa, na saumu ya Ramadhani haijathibitishwa kukitibu. Huyo Mjapani ni Yoshinori Ohsumi, na tuzo alipata kweli, mwaka 2016. Alichunguza chembe za hamira, akagundua jinsi seli inavyovunjavunja vijenzi vyake vilivyochakaa na kuvitumia upya. Njaa ni moja ya vichocheo vya kazi hiyo, lakini hakupima saumu ya Waislamu, wala hakumfungisha mgonjwa wa kisukari. Vivyo hivyo ile kauli "fungeni mtapata afya" inayosambazwa kama hadithi: wanazuoni wa hadithi wameihesabu kuwa dhaifu. Saumu ni ibada na haihitaji kuegemezwa kwenye habari isiyo sahihi ili iheshimiwe. Aya yenyewe iliyofaradhisha saumu, katika Suratul Baqara, imemtaja mgonjwa na kumpa ruhusa.

Tuje kwa mama. Kitu cha kwanza cha kumuuliza daktari wake ni iwapo glibenklamaidi inaweza kubadilishwa, kwa mfano kwa gliklazaidi, ambayo ni ya kundi hilohilo lakini haishushi sukari kwa kiwango hicho. Dozi kubwa ya dawa za kundi hili kwa kawaida huhamishiwa wakati wa futari, na ya daku hupunguzwa. Metformini peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi, hivyo akiinywa mara mbili anaweza kuigawa futari na daku. Kidonge cha presha nacho kionekane: kikiwa ni cha kukojosha, akikinywa daku atapoteza maji mchana, na miaka hii Ramadhani inaangukia joto la kaskazi, wakati Tanga inapochoma hasa. Msibadilishe chochote wenyewe nyumbani.

Kutoboa kidole na kupima sukari hakubatilishi saumu. Wanazuoni na madaktari wamelikubali hilo, na mwongozo wa kimataifa wa kisukari na Ramadhani unalisisitiza. Kama vijiti vya kupimia ni vichache, na najua bei yake, mpimeni saa sita mchana, alasiri, na saa mbili baada ya futari. Sukari ikiwa chini ya 3.9, au juu ya 16.6 (kwa kipimo cha mmol/L), afungue hapohapo, hata kama imebaki nusu saa adhana iite. Akitetemeka, akitoka jasho au akianza kusema maneno yasiyoeleweka, mpeni maji ya sukari au tende kwanza, kipimo kifuate. Siku hiyo atailipa, au atatoa fidia ikiwa maradhi yake hayamruhusu kulipa; hilo mtamuuliza shehe.

Chakula ndicho kinachoharibu faida nyingi za saumu huku pwani kwetu. Meza ya futari ina muhogo wa nazi, viazi vitamu, tambi za sukari, kaimati, uji wenye sukari na juisi ya embe, vyote saa moja. Sukari ya mgonjwa inapaa usiku kucha, kisha tunashangaa kipimo kimepanda mwezi wa kufunga. Simnyimi mama muhogo. Achague wanga mmoja kwa usiku huo, kiasi cha ngumi yake, na sahani ijazwe samaki, mbaazi au kunde, na mchicha. Tende moja au mbili na maji zinatosha kufungulia, kisha aswali magharibi ndipo ale.

Na daku! Wengi wetu tunakula saa sita usiku tukalala moja kwa moja hadi alfajiri, kwa hiyo saumu ya saa 13 inageuka ya saa 18. Kwa mgonjwa wa kisukari hilo peke yake laweza kuleta jasho la alasiri. Sunna ni kuichelewesha daku, na kitaalamu ni hivyohivyo: aamke karibu na alfajiri, ale ugali wa dona au wali kidogo kwa maharage, yai, mboga, na maji. Maji mengine ayagawe tangu futari, kidogo kidogo, si jagi zima wakati wa daku.

Mpelekeni kliniki mwezi wa Rajabu, kwa sababu daktari anahitaji wiki 6 hadi 8 kubadilisha dawa na kuona matokeo. Apimwe HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari kwa miezi kama mitatu), figo na macho. Figo zikiwa zimechoka, au sukari ikiwa imeshuka vibaya ndani ya miezi mitatu iliyotangulia, nitamshauri asifunge. Majibu yakiwa mazuri, Shaabani ajaribu kufunga Jumatatu moja au Alhamisi kwa dawa mpya, kipimo kikiwa mkononi, na namba alizoandika azirudishe kwa daktari kabla mwezi haujaandama.