Mpingo wa marehemu baba: niukate?

SWALI: Shikamoo, Bibi Miti. Shamba nililorithi huku Kilwa lina mpingo mmoja mkubwa. Fundi vinyago anautaka. Niuze, kisha nipande mwingine?
Msomaji, Kilwa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nakusihi usiuze. Mpingo huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa. Utakaoupanda leo watauvuna wajukuu. Isitoshe, weusi uko moyoni tu, na mipingo mingi mikubwa ina uwazi ndani. Utaangusha mti wa baba yako ukute pango.

Ukitaka kupanda mwingine, okota maganda yake yakikauka: membamba kama karatasi, kila moja lina mbegu moja au mbili. Moto ndio adui. Mche wangu wa kwanza uliunguzwa na moto wa kusafishia shamba la jirani, nikalia. Masika ilipofika, machipukizi mawili yakachomoza mzizini. Sasa kila kiangazi nalima ukanda mtupu kuuzunguka.

Ukibanwa na shida ya pesa, muone kwanza ofisa misitu wa wilaya. Huko kwenu Kilwa, tangu 2009 vipo vijiji vyenye cheti cha FSC (cheti cha kimataifa cha misitu inayotunzwa vizuri), vinavuna mpingo kwa mpango na fedha inabaki kijijini. Waulize wanavyofanya.